Mvuje Katika Nyumba ya Mwali

Haradali zikianza kupasuka ndani ya mafuta ya moto, mimi huinuka. Hata kama nimeshika kikombe cha chai, hata kama magoti yananiuma, huinuka nikaenda kufunga madirisha. Wajukuu zangu wamezoea kunicheka. Mmoja wao, Tatu, ana nyumba ya kisasa hapa Dar es Salaam, yenye jiko la umeme na sufuria ya Kihindi inayopiga filimbi mbaazi zinapoiva, filimbi ya kumfanya mtu adhani gari moshi limeingia sebuleni. Viungo hununua vimekwisha sagwa, katika pakiti zenye picha ya mwanamke anayecheka, na mimi simwambii kitu kwa sababu jiko ni lake. Lakini wiki iliyopita alidondosha chembe ya mvuje kwenye yale mafuta. Ile harufu ilipopanda nikajikuta nimesimama, nimeuegemea mlango kwa mgongo. Tatu akaniuliza namzuia nani. Nikamwambia arudi jikoni asiunguze mchuzi.

Ninyi nitawaambia, maana hamko jikoni kwake na hamtanicheka usoni.

Nilikuwa na miaka tisa, au kumi kasoro. Wakati ule hatukuandikwa popote, kwa hiyo umri wetu ulikuwa mali ya bibi zetu, wakiuongeza na kuupunguza walivyotaka. Baba na mama walikuwa kule delta wakikata boriti za mikoko, nami niliachwa Kibiti kwa bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa kungwi. Kwa msiokulia kwetu, binti akivunja ungo huwekwa ndani: haoni jua, hasemi na mwanamume wala mwanamume hamtazami, na huko ndani hufundwa mpaka siku ya kutolewa. Watu wa Mchukwi, wa Mkongo, hata wa Mloka kule kwenye wanyama, waliwaleta binti zao kwa Bibi. Chumba chetu cha nyuma hakikuwa na desturi ya kukaa kitupu, na hata mlevi akipita karibu na dirisha lake aligeuza uso upande wa pili na kukohoa ili ajulikane kuwa anapita kwa heshima.

Ng'ambo ya uwanja palikuwa na duka la Bwana Hasanali, Mhindi Mwislamu aliyetoka Kachi. Mkewe tulimwita Mama Kulsumu, ingawa huyo Kulsumu mwenyewe alifariki angali mchanga na hakuna aliyemfuata. Ndiyo maana, nadhani, yule mama aliniachia niingie jikoni kwake nilivyotaka. Nilipelekwa mara ya kwanza kumpa nazi mbili, nikarudi jua limezama, na tangu siku hiyo Bibi alikuwa akinitafuta kule kabla hajanitafuta mahali pengine popote.

Kwetu vyombo vilikuwa vyungu vya udongo, mafiga matatu, mwiko na kata ya kifuu. Kwake kulikuwa na degi la shaba lililopakwa bati kwa ndani, karai la chuma jeusi tititi, tawa la chapati, na kibao cha duara chenye mpini mwembamba wa kusukumia unga. Kulikuwa na jiwe la kusagia viungo, ambalo alilifanyia kazi amepiga magoti, mabega yakienda mbele na nyuma, bangili zikilia. Na kulikuwa na kile kikopo. Kilikuwa cha shaba, cha mviringo, na ukifunua kifuniko chake unakuta vikombe saba vidogo vimekaa pamoja. Kimoja kilikuwa na haradali, kingine bizari nyembamba, kingine giligilani, kingine uwatu mchungu, kingine manjano, kingine pilipili. Cha saba kilifunikwa kitambaa cha peke yake, na harufu yake ilitoka hata hivyo. Ulikuwa mvuje.

Sasa, kwetu mvuje haukuwa kitu cha kula. Mvuje hufungwa katika kitambaa akavishwa mtoto mchanga shingoni, au hutiwa kwenye chetezo akafukizwa mgonjwa ili pepo amtoke. Siku ya kwanza nilipomwona Mama Kulsumu akitupa chembe ya mvuje ndani ya samli inayochemka, kisha akaimimina juu ya mbaazi za kupaaza, zile zilizopasuliwa kwa jiwe, zilizokuwa chakula cha mumewe, nilitoka mbio. Nilimwambia Bibi kwamba Bwana Hasanali ana pepo na mkewe anamlisha dawa kwa siri. Bibi alijifunga khanga, akavuka uwanja kwa kisingizio cha kuazima chekecheke, akakaa huko muda mrefu. Alirudi anajifuta midomo. Akasema kama yale ndiyo mapepo, basi yeye angependa apandwe mara mbili kwa wiki. Ndivyo urafiki wao ulivyoanza, na mbaazi zetu wenyewe, zile za nazi, zikaanza kuvuka uwanja kwenda upande ule nazo.

Halafu vikaja vile vita vya Maji Maji. Siwezi kuvieleza kama wanavyovieleza walimu. Mimi nilivisikia kutoka jikoni. Kwanza wanaume waliotumikishwa kwenye shamba la pamba waliacha kunung'unika, wakawa kimya, na Bibi akasema ukimya ule haupendi. Kisha mmoja mmoja wakavuka mto kwenda Umatumbini kwa mganga, wakarudi na vibuyu vidogo vya dawa shingoni, wakisema risasi za Wajerumani, tuliowaita Wadachi, zitageuka maji. Kisha ikasemwa kwamba maduka ya wageni yamechomwa kule vilimani, na kwamba kila mgeni aliyekula na Wadachi atakufa nao.

Kiongozi wao pale kwetu alikuwa Athumani. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye makovu ya kiboko mgongoni, na kiboko hicho alikipata kwenye pamba, siku aliyomwinua mzee mmoja aliyeanguka kwa jua. Nilimjua tangu zamani akibeba marobota ya kaniki kulipelekea duka mzigo wake. Lakini alipoanza kuvaa kibuyu na kutembea na mkuki, nilimwogopa kuliko mtu yeyote duniani.

Bwana Hasanali alikuwa amekwenda Kisiju kuchukua nguo, na njia ikafungika nyuma yake. Mama Kulsumu akabaki peke yake katika nyumba ile yenye mlango mkubwa. Siku mbili alijifungia ndani. Siku ya tatu, mchana kweupe, Bibi alivuka uwanja na kaniki mbili. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akazungukia njia ya Mloka, na alipoingia uwanjani alikuwa anamwongoza mtu aliyefunikwa gubigubi kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, ameinama jinsi mwali anavyoinamishwa, na Bibi anaimba kwa sauti yake yote ule wimbo wa kumwingiza mwali ndani. Wanaume waliokuwa barazani, wenye vibuyu na wasio na vibuyu, waligeuza nyuso zao ukutani kwa adabu. Bibi aliwapita polepole, wala hakuruka ubeti hata mmoja.

Mlango ulipofungwa, Bibi alinishika masikio yote mawili akanifundisha maneno yangu. Mtu yeyote akija, niseme hivi: hapa hakuna Mhindi, kuna mwali kutoka Mloka, anaumwa. Nikayarudia. Akanitoa nje, akabisha hodi kwa sauti ya kiume, akaniuliza, nikajibu. Akabisha kwa sauti ya kike, akanibembeleza, nikajibu vile vile. Nikamuuliza kama hata mama yangu akija nimjibu hivyo.

"Hata mama yako mzazi," alisema Bibi. "Ukikosea neno moja, mtu anakufa humu ndani."

Nami nilikuwa mtoto wa kushika maneno. Niliyasema nikichota maji, nikitwanga, nikilala.

Bibi alisema amewahi kuwafunda wali wakaidi, lakini mwenye miaka thelathini na mitano na meno mawili ya dhahabu hakuwahi. Mama Kulsumu hakuweza kutulia. Mwali hukaa, yeye alitembea. Alikwenda kutoka ukuta hadi ukuta, hatua nne kwenda, nne kurudi, akizungusha kwenye mkono bangili ambazo Bibi alikwisha mvua na kuzifukia chini ya chungu. Alisimama kila mbwa alipobweka. Alisali, akamaliza, akasahau kama amesali, akasali tena. Hali ile ilitupata sote. Bibi alifagia ua uliofagiwa, nami niliota ndoto za miguu inayokimbia. Hatukupigana wala hatukukimbia, tulikuwa tunangoja tu, na mpaka leo sijui kazi ngumu kuliko hiyo.

Jambo baya zaidi ni kwamba hakula. Tulikuwa na ugali wa mtama na kisamvu, chakula chetu cha siku zote, na yeye alijaribu kwa heshima, akameza matonge mawili, halafu yakarudi. Haikuwa maringo. Hofu ilikuwa imemfunga koo. Siku ya nne macho yalimwingia ndani, na alipotembea akawa anapapasa ukuta. Bibi alikwenda Mchukwi kutafuta majani ya kumchemshia, akaniachia mlango na yale maneno yangu.

Nilikaa nikamtazama. Nikajua, kwa uhakika ule wa mtoto ambao mtu mzima hana, kwamba kitu kimoja tu ndicho kitakachoshuka katika koo lile. Nikatoka kupitia nyuma, nikavuka uwanja kama mtoto anayefuata kuku. Duka lilikuwa limevunjwa, nguo zote zimechukuliwa, lakini jikoni hawakugusa. Nani angepigana vita na mpini wa chapati? Nikachukua karai, nikachukua kile kikopo, nikafunga mbaazi za kupaaza katika pindo la khanga pamoja na kibuyu cha samli, nikarudi nimevibeba kichwani chini ya mzigo wa kuni.

Mama Kulsumu alipoviona alitikisa kichwa, akarudi nyuma mpaka ukutani. Kisha akafunua kikopo. Akakiinamia, akalia bila sauti, machozi yakidondokea kwenye giligilani. Kisha akajifuta, akakunja mikono ya nguo yake, akawa yule mwanamke wa jikoni niliyemjua.

Tulipika kwenye ua mdogo wa nyuma, uliozungukwa na makuti. Mimi nilikoroga manjano kwenye mbaazi kwa vidole, kama alivyonifundisha, yeye akatia samli kwenye karai. Haradali zikaanza kupasuka, zikaruka. Bizari ikafuata, ikabadilika rangi. Na yeye, kwa mkono uliokuwa na mazoea ya miaka ishirini, mkono ambao haukumuuliza mwenyewe, akachukua chembe ya mvuje akaitupa ndani. Moshi ulipanda juu ya makuti, ukasimama kidogo, kisha ukachukuliwa na upepo kuelekea barabarani. Tulitazamana. Hapo ndipo tulipokumbuka sote wawili mahali tulipo.

Nilisikia hodi kabla sijapata la kufanya.

Mungu ni mkubwa, Bibi alikuwa ndiyo kwanza anarudi, majani yake kichwani, akawakuta mlangoni. Walikuwa watu saba, Athumani mbele. Mama Kulsumu alijirusha chumbani, nami nikasimama nyuma ya mlango wa mbele nikichungulia kwenye ufa, moshi bado unafuka nyuma yangu. Athumani alimwamkia Bibi kwa adabu, shikamoo yake yote, akasema wanamtafuta mke wa Hasanali. Bibi akaitikia marahaba, akasema nyumba yake wanaijua, ndani kuna mwali.

Kijana mmoja nyuma ya Athumani akanusa. "Mwali gani anayepikiwa vya Kihindi?" akasema. "Hii ni harufu ya dukani."

Nilijua nimemuua mtu. Kisha Bibi akashusha majani kichwani polepole, akasema kwamba huo ni mvuje, kwamba mwali amepandwa na pepo tangu juzi, na kwamba amemwacha anafukizwa ndani akaenda kufuata majani haya, na wao wanamkatiza kazi. Yule kijana akauliza, na samli je?

Athumani alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta tena. Mkono wake ulipanda ukashika kile kibuyu shingoni.

"Ni mvuje," alisema. "Mvuje unafukuza pepo, na hii dawa yetu nayo imetoka kwa pepo wa majini. Mnataka itukimbie leo, na Wadachi wako njiani? Tokeni hapa."

Walitoka. Wengine waliziba pua kwa viganja, na yule kijana mjuaji ndiye aliyekwenda mbio kuliko wote. Athumani alitoka wa mwisho. Bibi aliingia, akafunga mlango, akakaa chini pale pale kwenye udongo. Alinizaba kofi moja zito. Kisha akanivuta, akanikumbatia, akauliza hizo mbaazi zimeiva au bado. Mama Kulsumu alikula sahani mbili. Usiku huo nililala nikijiona mimi ndiye niliyewashinda wapiganaji saba kwa chembe ya mvuje.

Haikupita wiki, askari wa Wadachi wakaingia. Walichoma nyumba za upande wa magharibi, wakakamata wanaume, wakamfunga Athumani na wengine watatu kwenye nguzo za duka. Nilidhani sasa mwali wetu atatoka. Bibi alikataa. Alisema askari leo wapo, kesho hawapo, na wenye vibuyu wamejaa porini. Mama Kulsumu atabaki ndani mpaka mumewe aje kumchukua kwa mkono wake. Maneno yangu yakabaki yale yale.

Asubuhi iliyofuata Bibi alikuwa chumba cha nyuma akimsuka Mama Kulsumu nywele, na mimi nilikuwa mlangoni nikichambua mbaazi, kwa sababu tangu siku ile tulipika kila siku, bila mvuje. Akaja mwanamke mmoja, kijana, ana mtoto mgongoni. Nilimjua. Alikuwa Sikudhani, mke wa Athumani. Alibisha hodi kwa sauti ndogo, akaniuliza kama Bibi yupo. Nikamwambia yuko ndani na mwali.

"Basi yule mama aliye ndani," alisema, "mwambie Sikudhani amekuja. Namwomba neno moja tu la kumsemea mume wangu. Neno moja, mwanangu."

Nilifurahi sana, nawaambia kweli. Niliona mtego ule waziwazi, nikaona jinsi wenye vibuyu walivyomtuma mwanamke mwenye mtoto ili nilainike. Sauti ya kubembeleza nilikwisha ifanyia mazoezi na Bibi. Nikamtazama machoni.

"Hapa hakuna Mhindi," nilimjibu. "Kuna mwali kutoka Mloka, anaumwa."

Yeye hakuwa ametaja Mhindi. Hilo sikulitambua wakati ule. Alisimama. Akatazama mikono yangu, na vidole vyangu vilikuwa vya manjano mpaka kwenye kucha. Akatazama nyuma yake barabarani. Kisha akainama, akachukua upande wa khanga yangu, akaifunika mikono yangu taratibu, akaipigapiga juu mara mbili. Akaondoka zake. Nilidhani ni wazimu wa huzuni.

Bibi alipotoka nilimwambia amekuja mtu kuuliza, nami nimemjibu. Hakuuliza ni nani. Alinisifu, akanipa kipande cha samaki mkavu alichokuwa amekiweka kwa ajili yake mwenyewe. Mchana walimnyonga Athumani pamoja na wale watatu. Mimi sikuona, nilisikia. Nililamba mifupa ya samaki wangu, na nilikuwa na furaha.

Bwana Hasanali alirudi baadaye, amekonda, ndevu zimemjaa nyeupe. Njaa ikaja nyuma ya vita ikaua wengi kuliko vita. Sisi tulipona, na Bwana Hasanali na mkewe wakabaki Kibiti. Mama Kulsumu alinifundisha yote: kusukuma chapati mpaka uone mistari ya mkono wako chini yake, kusikiliza haradali, kujua kwa pua dakika ambayo bizari imetosha na dakika ambayo imeungua. Nikaolewa, nikazaa, nikawa mpishi wa shughuli, naitwa huku na huku na karai langu. Na kila walipokutana watu barazani kwake, Mama Kulsumu alisimulia kisa cha mvuje. Katika kisa hicho Athumani alikuwa mnyama mkali mwenye akili ndogo, aliyekimbia moshi wa jikoni. Watu walicheka, nami nikasifiwa upya. Alikufa akikisimulia hivyo, na Bwana Hasanali akarudi Kachi kwa ndugu zake.

Miaka miwili baada ya kumzika Mama Kulsumu niliitwa Mchukwi kupika arusi. Tulikuwa wanawake kumi hivi tukichagua mchele, na kazi ile inataka maneno, basi nikawasimulia. Nilimwigiza Athumani alivyofumba macho na kunusa, nikamwigiza kijana alivyokimbia. Walicheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha wengine wakaondoka kwenda kisimani, nikabaki na mwanamke mmoja wa makamo aliyekaa mwisho wa jamvi, ambaye sikumtambua. Hakuwa amecheka. Alikuwa anaendelea kutoa vijiwe.

"Umekisimulia vizuri," alisema. "Ila sisi upande wetu hujatusikia. Mimi ni Sikudhani."

Sitawaeleza nilivyojisikia. Alisema bila hasira, macho kwenye ungo wake. Athumani alibeba mizigo ya duka lile miaka minne, na kila adhuhuri yule mama alimpa bakuli la mchuzi wa mbaazi, naye akaula amekaa nyuma ya jiko lake. Siku ile alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba ameusikia mchuzi wa Mama Kulsumu ukiungwa nyumbani kwa kungwi, kwamba yu hai na anakula, na asimwambie mtu hata akikatwa ulimi. Maneno ya pepo na dawa aliyatunga pale pale ili awaondoe wenzake.

Nikamuuliza, kwa sauti isiyokuwa yangu, alifuata nini siku ile mlangoni. Alisema mkalimani wa askari alikuwa ametangaza kwamba mfungwa aliyemficha mgeni au kumwacha hai, mgeni huyo aje amsemee, naye atafunguliwa. Alikuwa amekuja kumwomba Mama Kulsumu atoke aseme hilo.

"Kwa nini hukupiga kelele?" nilimuuliza. "Kwa nini hukuwaambia askari kwamba yumo ndani?"

"Askari walikuwa wanaondoka kesho yake," alisema. "Wenzake Athumani walikuwa porini, wanasikia kila kitu, na wangekuja kummaliza yule mama. Nilimtazama pale alipofungwa, akanitikisia kichwa, nisiseme. Nikaja kwenu kimya kimya, nikakukuta wewe. Umefundishwa vizuri, na una manjano vidoleni ambayo mtu yeyote angeyaona. Nikakufunika."

Nimejiambia mara nyingi kwamba lile neno moja lisingemwokoa. Askari wale hawakuwa watu wa kushika ahadi zao. Nimejiambia nilikuwa mtoto, na kwamba niliyatii maneno niliyopewa, na yote mawili ni kweli. Lakini kutoka mlangoni hadi chumba cha nyuma zilikuwa hatua kumi na mbili. Nimezihesabu usingizini, nimezihesabu katika nyumba nyingine, hata katika hii ya Tatu yenye saruji. Mtoto angekwenda na kurudi kabla mwanamke hajamfunga mtoto vizuri mgongoni. Mama Kulsumu angetoka, namjua, angetoka na nywele nusu zimesukwa.

Nilimwomba Bi Sikudhani radhi pale pale, mchele ukiwa mapajani. Alipuliza makapi kwenye ungo wake. Akasema hana la kunisamehe sasa, kwa sababu alikwisha nisamehe zamani, siku ile ile, njiani kurudi uwanjani, wakati mumewe alikuwa bado hai.